Karabine ya baba ilikosa nguvu, fundi akanituma ku mashini ya kushona

Mafuta ya motere. Mutu mukubwa, mwenye ndevu, alimwanga mafuta ya motere mu karabine ya hewa ya baba yangu, na akaniomba dola 25 juu ya hiyo kazi, na miye mujinga nikalipa. Naandika na hasira, mutanisamehe makosa.

Karabine yenyewe ni Diana 27, ile ya zamani ya Wajerumani, unaikunja kanoni, ile bomba ya mbele, juu ya kuipandisha. Baba aliiacha, alikuwa mutu wa Gécamines, kampuni ya migodi, na aliichunga kuliko baiskeli yake. Miye naitumikisha ku shamba, njia ya Kipushi, juu ya kunguru. Kunguru wa kule anabeba kifaranga mama yake akiangalia, na panya ndiyo usiseme. Kama ni bunduki ya muzuri ao ya mubaya mutasoma wenyewe, mambo ya urefu na kilo siko nayo hapa. Niko na mambo ya fundi.

Miye kipimo yangu ni kopo ya tomati, basi. Zamani, hatua 15, kaploni, ile karisasi kadogo, kanaingia huku kanatokea kule. Kisha mvua ya juzi juzi kakaanza kutoboa upande moja tu, kisha hata kutoboa hakatoboe, kanafanya tu kashimo kanaanguka chini. Na sauti ilibadilika, ilikuwa sawa mutu mwenye kukohoa. Baba alikuwa anatuambia ploni ikipunguza mwendo nusu, nguvu yenye kubakia si nusu, ni robo, kwa hiyo ukiona kidogo imepungua ujue imepungua mingi.

Mu kichwa yangu ilikuwa moja kati ya hizi: resori, ile springi, imechoka, ao ngozi ya pistoni imekauka, ao kale kapete ka ngozi penye kanoni inafungia njo kanavuyisha hewa. Niliwaza pia batoto ba dada yangu, juu balikuja ku konje, likizo, na balikuwa banapiga bila ploni, pa pa pa siku muzima, na bila ploni pistoni inaenda kugonga mwisho na hakuna kitu ya kuipokea. Nilibakaripia lakini ilikuwa imekwisha. Kuifungua miye mwenyewe nikaogopa, resori iko imefinywa mule ndani, unachomoa kapini kamoja tu inakurukia mu sura.

Basi nikaifunga mu kikwembe, juu huwezi kutembea na chuma sawa ile wazi wazi mu Lubumbashi batu bakuangalie tu, nikapanda taksi mupaka pembeni ya soko ya Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi. Jina ya atelye sitaji. Nikasalimia fundi vizuri, jambo papa. Papa akaangalia nyuma yangu. Nyuma yangu! Sawa vile kuna mutu mwingine anakuja njo mwenye bunduki. «Bwana yako eko wapi?» Nikasema eko ku kazi, karabine ni yangu. (Bwana yangu, Mungu amubariki, baluni ya batoto ikipasuka anashika kifua.)

Nikamuomba kitu kimoja, kimoja tu. Papa, tuweke kipande ya karatasi ya twaleti juu ya penye kanoni inafungia, tupige, karatasi ikiruka tunajua hewa inatokea pale. Dakika moja, makuta hakuna. Njo akaanza kucheka, akaita bale batoto bake ba kazi, «kuyeni musikie, mama anatibu bunduki na karatasi ya twaleti». Balicheka bote, hata muuza ndizi wa pembeni alicheka na hakusikia kitu. Nilikuwa nimetoka ku kazi yangu, niko mushonaji, metre ilikuwa ingali ku shingo. Akaangalia ile metre. Akasema: «Mama, resori imekufa. Bunduki si mambo ya bamama. Rudia ku mashini yako ya kushona, kesho unakuya kuchukua.»

Munajua nini iko juu ya chuma ya Diana? Mwanamuke! Bamemuchora pale, anatupa upinde na mishale, ameinua karabine juu na mukono moja. Na papa alikuwa ameweka kidole yake palepale juu ya huyo mwanamuke wakati anasema ile neno. Ningekuwa na akili ningemuonyesha. Lakini jibu ya muzuri inakuya tu kama umeshafika ku nyumba unakatakata lengalenga.

Kesho yake ikakuwa juma muzima. Kurani ya umeme imekatwa. Kurani imerudi lakini mwenye funguo ameenda ku matanga. Kila siku taksi kwenda, taksi kurudi. Mwishowe ananipa karabine, anasema piga. Nikapiga. Mama yangu eee! Ilitoa mulio sawa bunduki ya kweli, moshi ya bulu ikatoka mu kanoni, na harufu ya kuungua. «Unaona? Nguvu imerudi.» Batoto bakapiga mikono.

Sasa niseme ukweli hata kama inanipatisha haya: nilifurahi. Siku mbili nilikuwa naambia kila mutu yule papa ana kinywa ya mubaya lakini mikono yake ni ya kweli. Kopo inatoboka, kipande ya mbao inatoboka. Kama ningeandika ile siku mungesoma sifa tupu.

Kumbe ile haikukuwa nguvu ya karabine. Hewa ikifinywa mbio mbio inapata moto sana, sawa mu motere ya mazuti (dizeli), na mafuta ikikuwa mule ndani inawaka. Ploni inaruka kweli, lakini kila pigo inachoma ngozi na inagonga resori sawa nyundo. Siku ya tatu ploni zikaanza kwenda kila moja na njia yake, kunguru akakaa akaniangalia tu. Kisha nguvu ikaanguka chini kuliko mwanzo. Kisha, na hapa njo mikono inanitetema hata sasa, nilifunga kanoni na ikajipiga yenyewe. Sikugusa gashete, ile ya kuvuta na kidole. Ploni ikaingia mu mulango wa jikoni, palepale mutoto alikuwa ametoka na sahani. Kashimo kako pale mupaka leo.

Nikaenda kwa mzee moja mwenye alifanya kazi pamoja na baba. Huyu hakuniuliza bwana. Alisema tu «mwanangu, leta karatasi». Karatasi ya twaleti! Akaweka, akapiga, karatasi ikaruka sawa kipepeo. Nililia kidogo, siyo juu ya huzuni. Kisha akaifunga mu etau, ile chuma ya kubana, na mbao juu isikwaruke, akasukuma nyuma polepole, akatoa pini, akaachia resori kidogo kidogo. Gashete ya hii Diana inashikiliwa na tubiye tutatu twa chuma, tugololi. Akahesabu: moja, mbili. Akahesabu tena. Mbili. Na resori haikukuwa yetu, ilikuwa kitu ya munene imekatwa na diski, mwisho wake haijasawazishwa hata kidogo, ilikuwa imekwaruza silinda yote.

Nikarudi Kenya. Njia muzima napanga matusi, na nilikuwa nayo ya muzuri. Nikafika, papa akavuta kopo chini ya meza, resori ya baba ilikuwa mule, imefungwa mu karatasi ya gazeti vizuri, na kabiye kake. «Nilijua utarudia.» Alijua! Alijua na alinyamaza! Halafu, mbele sijafungua kinywa, akatoa dola 10 akaniwekea mu mukono, hakusema pole, hakusema kitu, akageukia kazi yake. Yale matusi yote ikabakia mu koo. Mupaka leo sijue kama ile ni haya ao ni kiburi.

Mzee akalaza resori ya baba juu ya kioo: imenyooka, haijavunjika, haina kosa. Kosa ilikuwa ngozi. Kapete ka kanoni, kordonye, fundi wa viatu, alikata kapya mu mukaba wa zamani, franka 2 000, alikata mara mbili juu ya kwanza kalikuwa kembamba, hewa ingepita. Ya pistoni ilikuwa imeungua kidogo ku kando lakini ilikuwa nzima, tukapangusa ile uchafu nyeusi yote, mzee akauliza kama niko na mafuta ya mashini ya kushona.

Niko nayo! Chupa tatu!

Matone matatu mu kashimo ka hewa, kisha tukaisimamisha juu ya kitako usiku muzima, ngozi ikakunywa. Asubui mapigo ya kwanza ilitoa ka moshi kadogo, kisha ikanyamaza. Kopo ya tomati, hatua 15: kaliingia huku kakatokea kule. Ni hiyo tu ilikuwa inahitaji tangu mwanzo, ngozi na matone, mu kabati yangu mwenyewe.

Basi nyota ngapi? Nilikuwa nataka kutoa moja. Juu ya resori yenye alichunga, na zile dola 10, mbili. Hapana, nimekumbuka ule mulango wa jikoni, zero. Kama uko na pompi ya maji ao kitanda ya chuma ya kusude, kuunga na moto, labda uende, bamoja banasema anasudea muzuri. Lakini usimupe kitu yenye inapiga, na kama uko mama uende na metre ku shingo, makusudi.

Skuru moja ya kitako bado iko kwake. Siendi kuichukua. Ao nitaenda siku ya mposo, Jumamosi, nimuonyeshe yule mwanamuke wa juu ya chuma.