Uzoefu wangu na programu ya stoki ya mtandaoni katika duka la vipuri

Ninauza vipuri vya magari Kirinyaga Road, katikati ya Nairobi, na nina tawi dogo mtaani Kariobangi. Zamani kila duka lilikuwa na daftari lake, na haikuwa ajabu mteja alipie mjini beringi ya Probox ambayo, tukipiga simu Kariobangi itumwe, tunaambiwa iliuzwa asubuhi. Hata hivyo, kilichonisukuma kuhamia programu ni KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya: tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi katika hesabu za kodi, na wenye gereji wakaanza kudai ankara hiyo kabla ya kutoa pesa. Programu niliyojiunga nayo, ambayo data yake hukaa kwenye seva za wenye programu nasi huifungua kwa simu, hutoa ankara hiyo mara tu mauzo yanapoingizwa.

Kazi ngumu ilikuwa kuingiza stoki. Kwa wiki tatu tulihesabu hadi usiku, ndipo nikagundua kwamba kipuri kimoja kilikuwa na majina matatu: mimi nilikiita beringi ya mbele, mhudumu wangu alikiandika kwa namba ya kiwandani, na wa Kariobangi alikiita "ile ya Probox". Hilo programu haikulitatua. Tulikaa chini tukakubaliana jina moja.

Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikawa ya kusuasua, programu iliendelea kupokea mauzo kama ilivyoahidiwa, lakini maduka mawili hayakuonana, na beringi ya mwisho ikauzwa mara mbili. Mteja wa pili nilimrudishia pesa na nauli juu.

Ada hutozwa kwa dola. Nilipojiunga, dola moja ilikuwa imepita shilingi 160. Baadaye iliposhuka hadi karibu 130, ada yangu ilipungua bila mwenye programu kuniachia hata senti, na najua inaweza kupanda vivyo hivyo.

Kabla ya kulipia mwaka wa pili niliomba nakala ya data yangu yote. Mauzo na stoki nilivipata siku hiyo hiyo. Orodha ya wadaiwa haikutoka hadi leo, ingawa nimeuliza mara nne. Kwa hiyo nimelipia tena, lakini madeni ya mafundi yamerudi kwenye daftari, chini ya kaunta.