Scrabble ya Kiingereza ukiichezea Kiswahili: inafaa, ila K ni moja tu!

Kama unataka kununua Scrabble, ule mchezo wa kujenga maneno ubaoni kwa vipande vya herufi vyenye pointi, ya kuchezea Kiswahili nyumbani soma hapa kwanza. Boksi la kawaida ni la Kiingereza, vipande 100, kila mtu anashika herufi 7 alizochota mfukoni bila kuangalia, ubao una vyumba 15 kwa 15.

Tatizo kubwa ni K. Iko moja tu humo ndani, moja jamani! Kaka, kuku, kikapu, kukaa, vyote havijengeki mpaka uwe na kipande kitupu, kile kinachosimama badala ya herufi yoyote, na vyenyewe viko 2 tu. M nazo ni 2, mtu akishaandika mama basi zimekwisha, huku E ziko 12 zimejaa tele na Q na X hazina kazi yoyote kwetu. Pointi nazo zimekaa kiingereza-kiingereza, Z ina 10 kwa hiyo ukiandika zaa unaondoka na 12 wakati elimu inakupa 7, sio haki kabisa.

Sisi tumebandika vikaratasi, Q na X zikawa K, E mbili zikawa M na W, pointi za K tukashusha toka 5 mpaka 1. Baada ya hapo mchezo ni mtamu sijui nisemeje, maana Kiswahili kinajenga maneno marefu kwa herufi chache kuliko nilivyowahi kufikiria. Kwenye Kiingereza mara nyingi watu wanachomeka S mwishoni, sisi neno linakua mbele na nyuma. Mtu kaweka saidia, zamu inayofuata mwingine kaweka herufi 4 kushoto ikawa kutusaidia, mwingine tena kaongeza 4 ikawa hawakutusaidia, herufi 14 mstari mmoja na pointi za neno zima unahesabiwa wewe uliyemalizia!! Kwa hiyo kitenzi ukiweza kiweke kulia kwa ubao, uache nafasi kushoto, ndo siri yenyewe. Na ukimaliza herufi zako zote 7 kwa mpigo, kwa mfano analima, unaongezewa 50.

Mkubaliane mapema kuhusu kamusi lakini. Hawakutusaidia huwezi kuikuta kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu, utakuta saidia tu, kwa hiyo sheria yetu ni kwamba mzizi uwemo kwenye kamusi halafu viambishi vifuate sarufi, mzozo umeisha. Watoto wanajifunza ngeli hapo hapo bila kulazimishwa na hilo kwangu ndo linafanya boksi listahili hela yake, nalipatia nyota 4 kati ya 5.

Ukienda dukani fungua boksi uhesabu vipande kabla hujalipa, hasa vile vitupu 2, ukikosa hivyo utahangaika sana. Na usinunue yenye vipande vya karatasi ngumu, vinajikunja kona halafu kila mtu anajua K iko wapi kwenye mfuko.