Lantern: Kumfuatilia Louella Parsons Ukurasa kwa Ukurasa

Ukitaka kumjua Louella Parsons, mwandishi wa safu aliyehoji nyota wa Hollywood kwa miongo mingi, anzia Lantern. Ni mtambo wa kutafuta ndani ya majarida ya zamani ya filamu na redio yaliyokusanywa na Media History Digital Library. Ulizinduliwa mwaka 2013 na unaendeshwa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison. Hulipi wala hujisajili.

Wengi hukwama kwenye jina. Kwa miaka mingi alijiandika “Louella O. Parsons”. Ukitafuta “Louella Parsons” ndani ya alama za mtajo, kurasa zote zenye ile O zinakupita bila habari. Tafuta majina yote mawili, moja baada ya jingine, kisha bana miaka. Kati ya 1918 na 1925 utamkuta New York, kwanza kwenye Morning Telegraph, halafu kuanzia 1923 kwenye gazeti la William Randolph Hearst, mmiliki wa magazeti mengi. Kati ya 1934 na 1938 bana upande wa majarida ya redio. Hiyo ndiyo miaka ya Hollywood Hotel, kipindi chake cha redio, alipowahoji nyota hewani bila wao kulipwa, huku kampuni ya supu ya Campbell ikidhamini. Hapa Lantern ina utajiri wa kweli, kwa sababu majarida ya watu wa tasnia ya filamu na redio yanakuonyesha wenzake walivyomtazama, siyo alivyojieleza mwenyewe.

Ukimtafuta na mpinzani wake Hedda Hopper, kumbuka kwamba safu ya Hopper ilianza Februari 1938. Matokeo ya kabla ya hapo mengi ni ya Hopper mwigizaji.

Udhaifu mkubwa uko kwenye usomaji wa mashine. Vichwa vya safu vilivyochorwa kwa herufi za mapambo havisomeki, na jina likikatwa mwisho wa mstari, “Par-” huku na “sons” kule, halipatikani. Kwa hiyo ukipata tokeo moja tu la Modern Screen, jarida lililobeba safu yake miaka ya 1950, usiishie hapo. Fuata kiungo hadi Internet Archive, maktaba ya mtandaoni yenye kurasa zilizopigwa picha, fungua toleo zima, tafuta ukurasa wa yaliyomo, kisha pekua kwa mkono. Namba ya ukurasa kwenye skrini huizidi ile iliyochapwa, kwa kuwa jalada nalo limehesabiwa. Na ikiwa matoleo ya miezi kadhaa yameunganishwa kuwa faili moja, tofauti hiyo hufika mamia.

Tarehe nazo zinapotosha. Jarida la mwezi liliandikwa wiki nyingi kabla ya kufika mtaani, na mwezi ulio kwenye jalada uko mbele zaidi. Desemba 1949 Parsons alitangaza katika Los Angeles Examiner kwamba mwigizaji Ingrid Bergman ana mimba, akiwa bado mke wa mtu mwingine na yuko Italia na mwongozaji filamu Roberto Rossellini. Ukibana Desemba 1949 kwenye majarida ya mashabiki hutaona habari ya tangazo hilo. Sogeza hadi 1950, ndipo gumzo lake linapoanza.

Gazeti lenyewe la Examiner, ambako aliandika karibu kila siku, halimo. Hilo ni pengo kubwa, maana kazi yake halisi ilikuwa ile ya kila asubuhi. Kuliziba, nenda California Digital Newspaper Collection, nayo ni bure, ukatafute kwenye magazeti ya miji midogo yaliyonunua safu yake. Lakini linganisha magazeti mawili ya siku moja kabla ya kunukuu. Mhariri aliyekosa nafasi alikata aya za chini, na safu iliyo kamili gazeti moja huwa nusu kwa jirani yake.