Uzoefu wangu na bunduki ya hewa ya shabaha kwa mashoto anayeanza

Mimi ni mashoto, na kosa langu la kwanza lilikuwa kuazima bunduki ya kilabu iliyochongwa kwa mtumiaji wa mkono wa kulia. Egemeo la shavu lilikuwa limevimba upande nisiouhitaji, na mshikio ulikuwa na uvimbe wa kiganja uliosukuma vidole vyangu mbali na kifyatulio. Kwa majuma kadhaa nilidhani tatizo ni macho yangu, kumbe shingo ndiyo iliyokuwa ikipindwa ili jicho lifikie tundu la kilengeo.

Kabla ya kutafuta bunduki yangu mwenyewe, nilipima jicho langu lenye nguvu: nilinyoosha mikono, nikaacha mwanya mdogo kati ya viganja, nikatazama kitu cha mbali kupitia mwanya huo, kisha nikafumba jicho moja baada ya jingine. Jicho ambalo likibaki wazi kitu hakihami ndilo linaloongoza. Langu ni la kushoto, lakini si kila mashoto yuko hivyo, na ambaye jicho lake la kulia ndilo linaloongoza afikirie kwa makini kujifunza kulenga kwa bega la kulia kabla hajatoa fedha zake.

Nilichojifunza baadaye kilinishangaza: upande wa mtaimbo wa kupakia risasi hauna uzito mkubwa kama nilivyohofia. Bunduki ikiwa begani kwangu kushoto, mtaimbo ulio kulia hufikiwa na mkono wa kulia, nao wa kushoto hauhitaji kuacha mshikio. Kinachomtesa mashoto ni kitako. Ndiyo maana nilichagua Hämmerli AR20, inayotumia hewa iliyoshindiliwa, kwa kuwa kitako chake cha aluminiamu kinamfaa mashoto na mtumiaji wa mkono wa kulia vilevile, na egemeo la shavu pamoja na bamba la begani hurekebishwa. Siku nilipoliinua egemeo hadi jicho likaangukia tundu lenyewe bila kutafuta, nilifurahi kweli.

Bunduki ya springi ni nafuu zaidi, lakini pistoni yake huitikisa bunduki kabla risasi haijatoka mtutuni, na anayeanza hawezi kutofautisha kosa lake na mtikisiko huo. Ile ya kushindilia hewa kwa mkono mara moja kwa kila risasi ni tulivu na haidai pampu wala mtungi, na kwa bajeti ndogo ningeipendekeza bila kusita, mradi kitako chake kisielemee upande mmoja. Hii yangu inahitaji pampu au mtungi wa kuijaza hewa, gharama ambayo wengi husahau kuihesabu.

Ukubwa wa risasi ni milimita 4.5, yenye kichwa bapa kinachotoboa karatasi kwa tundu safi. Katika mashindano ya mita 10, alama ya kumi ni nukta ya nusu milimita tu, na uzito wa bunduki hauruhusiwi kuzidi kilo 5.5, ingawa anayeanza hana sababu ya kuukaribia uzito huo. Nilinunua makopo machache ya aina mbalimbali za risasi, nikafyatua tano tano za kila aina nikiwa nimeegemeza bunduki, na ile iliyokusanya matundu karibu zaidi ndiyo ninayoitumia hadi leo.