Tui la boksi, nyama ya soya na sambusa za friza: uzoefu wangu na vyakula vya "asili" vya supamaketi Mombasa

Rafu ya vyakula vya afya kwenye supamaketi za Nyali na za mjini haipungukiwi na maneno: asili, bila nyama, bila maziwa, vegani. Nimepika karibu kila kinachouzwa hapo, na nitasema mapema nilipofikia. Kinachostahili pesa ni kile kinachokuondolea kazi ya kukuna, kuchambua au kuchemsha saa mbili. Kinachoiga nyama au jibini, mara nyingi umenunua boksi zuri tu. Tena vile vya kufaa zaidi havikai rafu hiyo. Viko kwenye viungo, kwenye makopo na chini kabisa ya friza, na hakuna jani la kijani lililochorwa juu yake.

Mpwani akitaka kula bila nyama, samaki, mayai wala maziwa, meza yake i tayari: mbaazi za nazi kwa mahamri, mchicha wa nazi, muhogo wa nazi, viazi vya rojo, bhajia za kunde. Kwa hivyo chakula cha pakiti sikipimi kwa baga. Nauliza kama kitanifikisha kwenye mbaazi upesi zaidi, na kama zitabaki mbaazi.

Nianze na tui, maana likiharibika hilo, vingine vyote vimeharibika. La boksi na la kopo hutofautiana sana na picha ya nazi haikwambii kitu. Geuza upande wa nyuma utazame mafuta kwa mililita 100. Gramu 17 na kuendelea, hilo ni tui zito la kupikia. Gramu 5 hadi 9 ni jepesi, yaani umelipia maji, na maji unayo nyumbani. Viungo vyenyewe visizidi nazi, maji na gundi moja au mbili, kwa kawaida E412, ambayo ni gundi ya guar, na E435 inayoshikanisha mafuta na maji. Zote mbili zipo kwa sababu. Tui ulilokamua mwenyewe kwa kifumbu likichemka kwa nguvu bila kukorogwa hukatika, mafuta yakaenda zake na maji yakaenda zake. La boksi hustahimili, na hapo ndipo linapomfaa mpishi mgeni. Ubaya wake ni kuwa halijitengi, kwa hivyo usitegemee kupata kasimile, lile tui zito la kwanza, ya kumalizia juu, na harufu yake ni ya nazi iliyokwisha pikwa kiwandani.

Dawa ya hayo yote mawili ni kuligawa. Kwa nusu kilo ya mbaazi kavu zilizochemshwa zikaiva, nachukua boksi la mililita 400. Nusu yake nalichanganya na maji mililita 300, nalipikia kitunguu, bizari ya manjano, pilipili mbichi nzima na chumvi mpaka mbaazi zinywe rojo. Nusu iliyobaki naimimina mwishoni bila maji, moto mdogo, sufuria wazi, mwiko hautoki, dakika tano basi. Ukilimwaga boksi zima mwanzoni, ladha huyeyuka na mvuke na rojo hubaki na mafuta yanayoelea.

Wali una hesabu nyingine. Mchele vikombe viwili hutaka tui mililita 200, kisha uongeze maji mpaka jumla ifike vikombe vinne. Ukizidisha tui, ile gundi huwa nzito chini ya sufuria, wali hushika ukoko kabla punje hazijaiva, na unakula wali wenye kiini huku nyumba inanuka moshi.

Tui la unga ndilo lenye mtego. Mengi hutiwa "sodium caseinate", ambayo ni protini ya maziwa ya ng'ombe, ili mafuta yasijitenge yanapokaushwa. Pakiti ina mnazi na bahari, na ndani mna maziwa. Kwa mtu asiyekula cha mnyama, au ambaye mtoto wake ana mzio wa maziwa, hilo si jambo dogo. Ukipata lisilo na neno hilo, likoroge kwanza kwa maji vuguvugu kidogo hadi liwe uji, ndipo uongeze ya moto. Ukilitia moja kwa moja kwenye mchuzi unaochemka hufanya madonge ambayo hayavunjiki tena.

Boksi likishafunguliwa, mimina lililobaki kwenye chupa ya kioo, friji siku tatu na si zaidi, hasa kaskazi hii inapochoma. Au ligandishe kwenye vyombo vya barafu. Likiyeyuka litaonekana limeharibika, vipande vyeupe na maji. Halijaharibika, lipashe moto ukikoroga, litarudi.

Kwa kuwa nimeshagusa lebo, nimalize nayo. Bidhaa nyingi katika maduka yetu zimetoka India na zina nukta ya kijani ndani ya kisanduku cha kijani. Watu huichukulia kuwa idhini kamili. Nukta hiyo yasema hamna nyama, samaki wala mayai. Maziwa, siagi na samli vinaruhusiwa. Alama ya halali nayo ni habari nyingine kabisa, kuku ni halali pia. Kwenye orodha ya viungo, tafuta "whey", "casein", "ghee" na "gelatine". Katika namba, E120 ni rangi nyekundu ya wadudu, E904 ni mng'ao wa peremende utokao kwa wadudu vilevile, na E901 ni nta ya nyuki. E471 na E631 huweza kuwa za mmea au za mnyama na lebo hailazimiki kukwambia; mimi pakiti isiyoeleza naiacha. Neno "asili" silihesabu hata kidogo. Orodha hupangwa kwa uzito, kikubwa kikitangulia, kwa hivyo "biskuti za asili za nazi" ambazo sukari imekaa ya pili na nazi ya tano, umeshajua ni biskuti za nini.

Vipande vya soya, vile vikavu vya pakiti ya plastiki, ndicho chakula cha bei nafuu kuliko vyote hapa, na ndicho kinachoharibiwa zaidi. Watu huvitia kwenye mchuzi vikavu, vikatoka na harufu ya maharagwe mabichi, wakaapa hawatavirudia. Gramu 100 zina protini kama gramu 50, na zikishakunywa maji na kukamuliwa hufika gramu 250 hadi 300, kitoweo cha watu wanne. Kazi iko kwenye kukamua.

Chemsha maji lita moja na nusu yenye kijiko cha chai cha chumvi, tia vipande, dakika nane hadi kumi. Kata kimoja katikati. Kikiwa na kiini cheupe kigumu, ongeza dakika tatu. Mwaga maji yote, usiyahifadhi kwa mchuzi, kwani harufu imo humo. Suuza kwa maji baridi ukamue kwa mkono kama unayekamua machicha ya nazi, suuza tena, kamua tena. Mara ya kwanza povu hutoka la manjano. Mara ya tatu maji huwa karibu meupe, hapo vimekubali. Sasa ni sponji tupu inayotaka kunywa kitu. Naipa ukwaju mzito vijiko viwili, kitunguu thomu punje nne, tangawizi, bizari nyembamba na chumvi, inakaa saa moja. Kisha naikaanga kwa mafuta yaliyopata moto mpaka kingo ziwe kahawia, ndipo iingie kwenye rojo la tungule. Ukiiweka mbichi, hutoa maji yake na mchuzi unakuwa mwepesi usio na ladha.

Mishkaki ya soya inawezekana, ila vipande hivi hutengenezwa kwa unga wa soya uliokwisha kamuliwa mafuta. Havina cha kujilainisha juu ya makaa. Usipovipaka mafuta kila unapogeuza, dakika mbili ni mbao. Vile vyenye pakiti ndogo ya "ladha ya kuku" ndani, isome pakiti hiyo peke yake.

Maziwa ya mmea yananunuliwa kwa wingi na ndiyo yanayoniudhi kwa bei. Lita ya maziwa ya oti hukutoa karibu pesa ya lita tatu za ng'ombe. Ya lozi mara nyingi yana lozi asilimia mbili hadi tatu tu. Yaliyobaki ni maji, na protini yake ni kama hakuna. Ya soya yana protini gramu tatu hivi kwa mililita 100, sawasawa na ya ng'ombe, kwa hivyo kama unataka moja tu chukua hayo, yasiyotiwa sukari, yaliyoongezwa kalsiamu na vitamini B12. Tikisa boksi kwa nguvu kila mara, kwani kalsiamu hukaa chini na mwisho unaitupa pamoja na boksi.

Yanashindwaje kwenye chai? Ya soya hukatika kwenye chai ya tangawizi, na lawama hupewa maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini. Ipondeponde, ichemshe na maji, majani, iliki na mdalasini dakika tano kamili, moto huo hukiua kimeng'enya, kisha utie maziwa ya soya yasiwe baridi ya friji. Yakianza kupanda, zima. Ya oti hayakatiki, ila ukiyachemsha kwa muda chai huwa uji, kwa sababu ni wanga. Yatie mwisho kabisa. Utamu wake nao usikushangaze hata lebo ikisema hakuna sukari iliyoongezwa: kiwandani wanga huvunjwa kuwa sukari ya asili yake, na mwili hauulizi ilitoka wapi.

Mchuzi tayari wa mfuko wa foili, wa dengu au maharagwe, unafaa siku ya haraka. Tumbukiza mfuko kwenye maji yanayochemka dakika tano, basi. Wa dengu nzima za masala kwa kawaida hauna maziwa. Wenye neno "makhani" una siagi na malai, yaani krimu ya maziwa. Tazama sodiamu, uizidishe kwa 2.5 upate chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5 za chumvi kwa siku, na mfuko mmoja huweza kukumalizia karibu nusu. Nauongezea kikombe cha mchicha uliokatwa na tui kidogo bila chumvi, unatosha wawili. Maharagwe ya kopo yasuuze kwenye chujio, uyatie mwisho wa mapishi maana yameshalainika.

Baga za mmea za friza sizirudii. Nyingi hushikamanishwa kwa E461, kitu chenye tabia ya kukaza kikiwa moto na kulegea kikipoa. Ndiyo maana kwenye kikaango inaonekana imeshika vizuri na kwenye sahani, dakika kumi baadaye, imekuwa kama viazi vya kupondwa. Baadhi zina ute wa yai. Kababu za adesi za nyumbani hugharimu sehemu ndogo ya bei hiyo.

Siagi ya njugu ya asili nzuri ina kitu kimoja, labda na chumvi, na mafuta hupanda juu. Hilo si kasoro. Igeuze chupa kichwa chini usiku mmoja kabla ya kufungua. Cha kuogopa ni sumukuvu, ambayo kukaanga hakuiondoi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo. Nunua yenye alama ya Shirika la Viwango na namba ya kibali, kisha tuma SM, alama ya reli (#) na namba hiyo kwenda 20023 uone kama kibali kiko hai na ni cha bidhaa hiyo kweli. Ya kusagiwa kwenye ndoo isiyo na jina, hata ikinukia vipi, mimi siigusi.

Vya friza: sambusa za mboga, manda (zile karatasi za unga za kukunjia sambusa) na chapati za tabaka. Manda ni unga na maji, ni nzuri, ziyeyushe ndani ya kitambaa chenye unyevu au zitakauka kingo na kuvunjika ukikunja. Chapati soma kama zina samli. Zile za mafuta ya mmea zipo. Zitie kwenye chuma zikiwa barafu, moto wa wastani, dakika mbili au tatu kila upande. Ukizisubiri ziyeyuke, tabaka hushikana na unapata chapati nzito. Sambusa vilevile, kutoka friza moja kwa moja hadi mafuta ya moto, sita kwa mara moja kwenye karai ya kawaida, zaidi ya hapo mafuta hupoa na zinayanywa.

Kabla ya kulipa, tikisa pakiti. Sambusa zigongane kama kokoto. Zikiwa donge moja, au pakiti imejaa theluji, umeme ulikatika zikayeyuka kisha zikagandishwa upya. Chukua za chini ya friza, mwisho wa ununuzi wako, zifunge kwa gazeti ndani ya mfuko mzito. Kutoka Nyali hadi ng'ambo ya Likoni, foleni ya feri ikiwa ndefu, saa moja hupita kwa urahisi na hilo joto zitakuwa zimelainika kingo. Zikifika zimelainika usizirudishe friza. Zikaange zote jioni hiyo hiyo.