Kukariri jibu zima au kubeba maneno machache?

Kukariri jibu zima humpa mtahiniwa usingizi mzuri usiku wa kuamkia mtihani, basi. Katika sehemu ya pili ya mtihani wa kuzungumza wa IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, unapewa kadi ya mada, dakika 1 ya kujiandaa, kisha unaongea dakika 1 hadi 2. Kadi ikitaka safari nawe umemeza insha kuhusu rafiki, umekwama. Na watahini huyanusa haraka majibu ya kukariri.

Maneno manne matano kwenye karatasi unayopewa (wapi, nani, kilitokea nini, ulijisikiaje) yanahamia mada yoyote. Ila yanadai mazoezi ya mdomo, si ya macho: jirekodi kwa simu, jisikilize kesho yake, rudia baada ya siku kadhaa bila kusoma popote. Kukariri nakuachia salamu na jina lako tu.