Heavens-Above kwa Wapiga Picha wa Anga ya Mombasa

Kwa mkazi wa Mombasa anayetaka kupiga picha za vyombo vya anga vikipita usiku, sijaona huduma inayoifikia Heavens-Above, tovuti ya kutabiri lini na wapi vyombo hivyo vitaonekana, ambayo ilianzishwa na Chris Peat na hutumika bila malipo. Ninaisifu hasa kwa jambo moja: hutaja wakati ambapo chombo kitaingia katika kivuli cha Dunia, na kwetu sisi tunaoishi karibu na ikweta, habari hiyo ndiyo inayoamua kama picha itapatikana.

Tunachokiona si taa ya chombo bali ni mwanga wa jua unaoakisiwa na mwili na paneli zake. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huizunguka Dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. London, mwezi wa Juni, jua halishuki mbali chini ya upeo wa macho, hivyo kituo hicho huweza kumulikwa usiku kucha. Mombasa, iliyo nyuzi 4 kusini mwa ikweta, jua huzama karibu wima na kivuli cha Dunia hupanda upesi, kiasi kwamba unapopita muda wa takriban saa moja na dakika 20 baada ya jua kuzama, kituo kinachopita utosini huwa kimekwisha kuzama gizani. Ratiba inayotaja saa ya chombo kuchomoza peke yake haimtoshi mpiga picha, kwa sababu nuru inaweza kuzimika katikati ya anga kabla chombo hakijaufikia mnazi au mnara aliokusudia kuuweka ndani ya picha.

Jedwali la Heavens-Above huonyesha saa, kimo kwa nyuzi juu ya upeo wa macho na mwelekeo, tangu mwanzo wa mpito (yaani safari moja ya chombo kupita angani) hadi kilele na mwisho wake, na ukibofya tarehe unafunguliwa ramani ya anga yenye mstari wa njia kati ya nyota. Safu ya mng'ao inataka mazoea, kwani namba ikizidi kuwa ndogo ndivyo chombo kinavyozidi kung'aa, na hasi 3 inaishinda nyota yoyote ya usiku. Mimi hutazama kilele kwanza: kikiwa chini ya nyuzi 30 siitoi kamera, maana taa za mji na za bandari ya Kilindini huimeza anga ya chini upande wa magharibi. Mipito ya jioni ninayoipenda kuliko yote ni ile inayotoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, ambayo humalizikia juu ya bahari, na kwa hiyo mtu aliyesimama kwenye ufukwe wa Mama Ngina huuona mstari mzima mbele yake. Lenzi pana juu ya tripodi, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ya 400 na picha mfululizo za sekunde 10 hivi kila moja, zitakazounganishwa baadaye kwenye kompyuta, zinafaa kuliko picha moja ndefu ambayo taa za mji huigeuza kuwa ya rangi ya chungwa.

Urushaji wenyewe wa roketi hatuwezi kuutazama tena pwani hii, ingawa jukwaa la San Marco karibu na Malindi lilirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970 na likaendelea na kazi hiyo hadi 1988. Kilichobaki ni matokeo ya roketi zinazorushwa kwingineko, kama msururu wa setilaiti mpya za intaneti za Starlink, ambao tovuti hii imeutengea ukurasa wake.

Mgeni asipoitambulisha mahali alipo, tovuti humhesabia kwa latitudo 0, longitudo 0 na saa za UTC, yaani saa tatu nyuma ya zetu. Ni lazima aandike Mombasa na saa za Afrika Mashariki kabla ya kuuamini mstari wowote. Mawingu ya masika hayamo katika hesabu zake. Jedwali nalo ni dogo mno kwenye simu, na hapo ndipo ningependa marekebisho zaidi. Anayetaka tu kuwaonyesha watoto Kituo cha Kimataifa kikipita atatoshwa na Spot the Station ya NASA. Mwenye kamera na afungue Heavens-Above, kisha airudie siku ile ile ya mpito, kwani kituo kikipandishwa kimo saa zake hubadilika.